Mteja Hapatikani

Jumamosi iliyopita, saa nne asubuhi, nilikuwa napiga pasi huku nampigia kaka yangu simu. Akapokea yule dada. Ninyi wa rika langu mnamjua vizuri, maana tumekua naye. Sisi tumezaa na kunenepa, yeye sauti ni ileile. "Mteja unayempigia hapatikani kwa sasa. Tafadhali jaribu tena baadaye." Nikakata, nikapiga tena hapohapo, kana kwamba hiyo baadaye ni sekunde tatu. Hapatikani.

"Si chaji tu imemwishia?" aliuliza mume wangu, anafunga kamba za viatu.

"Najua."

"Sasa mbona unazunguka?"

Nilishapiga pasi shati moja mara mbili, nikaenda kuonja maharage ambayo hata hayajaanza kuchemka, nikarudi, nikafunua pazia, nikaangalia barabarani ambako hakuna mtu niliyekuwa namngoja. Mimi ni mtu mzima. Najua fika kwamba yule dada ni sauti iliyorekodiwa, hamjui kaka yangu wala hana habari na mimi. Lakini ndani yangu kuna mtoto wa miaka tisa ambaye hajawahi kuliamini jambo hilo, na sauti ile ikisema hapatikani, mtoto yule hakai chini.

Nyumbani kwetu ni Visiga, nyumba ya tatu kutoka barabara kuu, ambapo malori ya mikoani yakipita vikombe vinagongana kabatini. Mama alikuwa fundi cherehani. Alikaa barazani na mashine yake nyeusi, kopo la vifungo mkono wa kulia, na kwa hiyo neno mteja kwetu lilikuwa neno la heshima. Mteja akifika, mimi natolewa kwenye kiti. Mteja akitaka maji, yanatoka yale ya kwenye mtungi. Mteja akija na kitambaa cha kutosha blauzi anataka gauni, hachekwi mpaka aondoke.

Baba alishafariki, hivyo mwanamume wa nyumba alikuwa Kaka Shabani, aliyenizidi miaka kumi na mbili. Alikuwa fundi simu Mlandizi, na hakuna mtu niliyempenda kama yeye. Jioni alirudi na kisanduku chake cha simu mbovu, tunakaa mkekani, ananifundisha. "Hiki ni kioo. Hii ni betri. Hii hapa ni laini, hii ndiyo roho yake. Simu bila laini ni maiti." Nikiwa darasa la tatu niliweza kukifungua kitochi, ile simu ndogo yenye tochi, na kukifunga bila kubakiza skrubu. Wenzangu walijua kusuka nywele, mimi najua kuchomoa spika.

Sijui ilianza lini. Mtoto haoni mwanzo wa jambo. Nilichoona ni kwamba Kaka alianza kupenda sukari kupita kiasi, akawa anajikuna pua, na akawa na mchezo mpya wa kusinzia amesimama. Anainama polepole, magoti yanakunjika, uso unakaribia kabisa kugusa ardhi, lakini haanguki. Mimi nilidhani ni mazoezi. Nilijaribu na mimi uani, nikaanguka na kuchubuka paji la uso, na nilipomwambia Mama nilikuwa namuiga Kaka, alinipaka dawa akitazama mlango wa Kaka.

Kisha vitu vikaanza kuondoka nyumbani. Pasi iliondoka, redio ikaifuata, na vitenge viwili vya wateja vikatoweka, Mama akaenda kuomba radhi nyumba hadi nyumba. Kaka mwenyewe akawa anapotea siku mbili, siku tatu. Mama alikuwa akimpigia, ameweka simu sauti kubwa kwa sababu mikono ina kazi, na mimi nikiwa namtungia uzi kwenye sindano nasikia: mteja unayempigia hapatikani kwa sasa.

Wakati huohuo watoto wa mtaani walikuwa wananiimbia, "Kaka yako teja! Kaka yako teja!" Nami, ole wangu, nilifurahi. Nilikuwa nimeshatambua kwamba mtu akiwa mkubwa sana huitwa jitu, na mtoto mkubwa huitwa toto, basi teja lazima awe mteja mkubwa kuliko wateja wote. Niliwajibu kwa majivuno, "Ndiyo! Na mama yangu ana wateja, lakini teja ni kaka peke yake!" Walicheka mpaka wakakaa chini. Nami nikacheka nao, sijui kwamba teja ni mtu aliyetekwa na dawa za kulevya.

Nilipounganisha mambo haya mawili, nilishtuka. Yule dada wa kwenye simu alijuaje? Alijuaje kwamba Kaka ni mteja, kabla Mama hajamtajia hata jina? Nilimuuliza Mama. Alianza kucheka, na kicheko kikageuka katikati, akaziba mdomo kwa khanga. Sikuuliza tena. Nilijijibu mwenyewe kama watoto wanavyojijibu: dada yule anawajua wote, na wote aliowataja hawapatikani. Kumbe ndiyo shida ya Kaka. Akipatikana tu, basi, mambo yamekwisha.

Siku kilipoondoka kichwa cha cherehani, Mama hakupiga kelele. Alikaa mbele ya meza iliyobaki na miguu yake ya chuma, akawa anakanyaga pedali ambayo haizungushi kitu. Ndugu walimshauri aseme Kaka kapata kazi mbali. "Mficha maradhi kifo humuumbua," alisema. "Mwanangu anatumia unga. Mwenye dawa ya aibu aniletee." Juma lile lile Kaka alirudi mwenyewe, anatetemeka, makamasi yanamtoka kama mtoto, na safari hii hakukataa kupelekwa kutibiwa. Walikuja wanaume wawili na gari dogo wakamchukua.

"Kaenda soba," Mama aliniambia.

Nilijua Soga, kwenye kituo cha treni. Nikadhani Soba ni kituo kinachofuata. Kwa muda mrefu nilimwona akilini kakaa kwenye benchi la stesheni, na begi mapajani, anangoja. Kumbe ilikuwa nyumba huko Msimbu, wilayani Kisarawe, katikati ya mikorosho na mihogo, ambako watu waliokuwa wakitumia unga na pombe wanaishi miezi kadhaa bila kugusa kitu. Nasema bila kitu, na maana yake ni hiyo. Hata kidonge cha kichwa hakuna. Arosto, yale maumivu ya mwili unapodai unga wake, unaipitia na maji ya baridi, uji, na mwenzako aliyekukumbatia kwa nyuma usijigonge ukutani. Haya Mama aliyapata kwa simu ya msimamizi, akayarudia kwa jirani, nami nikayasikia nikiwa chini ya meza.

Nikasikia na jingine. Simu hairuhusiwi.

Hapo nikakosa raha kabisa. Mama akienda kuoga tu, mimi na simu yake. Napiga namba ya Kaka. Hapatikani. Natoka, nazunguka nyumba, narudi, napiga. Hapatikani. Sikuwa nalala vizuri wala kula vizuri, na shuleni mwalimu aliniuliza kama nina chawa, maana sikutulia kwenye dawati. Watu wazima wote walikuwa wanasema Kaka anatibiwa, na hakuna hata mmoja aliyeona kwamba wamempeleka mahali ambapo hawezi kupatikana! Nilihisi ni mimi peke yangu ninayejua, na siku zinakwenda.

Laini yake ilikuwa kwenye kopo la vifungo. Mama aliikuta kwenye mfuko wa suruali wakati anafua, akaitupia humo. Kisanduku cha simu mbovu kilikuwa uvunguni. Nilichagua kitochi kimoja, nikatafuta betri iliyobaki na uhai, nikatia laini, nikaifunga kwa mpira wangu wa nywele kwa sababu kifuniko hakikuwepo. Ilipowaka nilirukaruka kwa furaha. Pesa ya sikukuu niliyopewa na shangazi nilinunulia vocha nikaikwangua. Halafu, kwa vile mimi ni mtoto wa fundi, nikashona mfuko kwa ndani ya gauni langu, pale kiunoni penye marinda, kwa mshono ambao hata Mama angeusifu.

Siku ya kutembelea ilipofika, Mama alipika pilau akaijaza kwenye hotipoti. Tulibadilisha magari mawili mpaka Kisarawe, tukamalizia na bodaboda, watatu kwa mshikaki, mimi katikati, na kila tulipopita kwenye tuta kitochi kilinigonga mfupa wa nyonga. Kulikuwa na harufu ya korosho zinazochomwa, ule moshi mkali wa mafuta ya ganda unaowasha pua. Mpaka leo nikiusikia, mkono wangu unakwenda kiunoni wenyewe.

Getini tulipokewa na Anko Rama, msimamizi, mwanamume mrefu mwenye kovu mkononi. "Shikamoo," nilisema. "Marahaba, mchumba." Alifunua hotipoti akachovya mwiko mpaka chini, akachimbua pilau yote. Sabuni ya mche aliikata vipande vinne.

"Usiniwazie vibaya, mama," alisema. "Mimi mwenyewe niliwahi kuletewa unga kwenye sabuni. Aliyeniletea alikuwa ananipenda."

Mimi alinipapasa kichwa tu, akaniambia nipite.

Wote walikaa duara kwenye viti vya plastiki, wakawa wanasimama mmojammoja. Kaka aliposimama nilimsahau kidogo, kwa jinsi alivyonawiri. "Naitwa Shabani. Mimi ni mraibu. Leo siku ya arobaini na moja nipo klini, sijagusa unga." Wanaume wale wote, wengine na sura za kutisha, wakaitikia pamoja, "Tunakupenda, Shabani!" Sikuwahi kusikia mwanamume akimwambia mwenzake hivyo mbele za watu. Niliona aibu kwa niaba yao, na pia nikaona wivu.

Mama alipokwenda kuzungumza na Anko Rama, nilibaki na Kaka nyuma ya jiko. Goti lake lilikuwa linacheza, halitulii, kama langu.

"Nimekuletea kitu," nikasema. Nikafumua mshono kwa meno.

Aliiangalia ile simu muda mrefu. Sura yake ilifanya kitu ambacho sikukielewa. Nilitegemea atanibeba juu.

"Nani kakutuma?"

"Hakuna. Nimeifufua mwenyewe. Nimekuletea ili upatikane."

"Ina vocha?"

"Ndiyo."

Akaangalia huku, akaangalia kule, akaisokomeza kiunoni. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo. "Usimwambie Mama," alisema. Wala hakuniaga vizuri. Lakini mimi nilirudi Visiga nikiwa mwepesi, nimemaliza kazi ambayo watu wazima ilikuwa imewashinda.

Jioni ile nilipiga: hapatikani. Asubuhi, Mama akiwa barazani anashona pindo kwa mkono kwa sababu cherehani hatukuwa nayo tena, nikapiga. Na simu ikaita! Yule dada hakuwepo. Ikaita na kuita mpaka ikakata yenyewe, hakupokea, lakini mimi sikujali kupokea. Nilikimbia barazani.

"Mama! Mama! Kaka anapatikana!"

"Anapatikana wapi?"

Nikampa simu. Akapiga, akasikiliza. Nilikuwa nangoja atabasamu. Badala yake sindano ilimtoka mkononi, na uso wake ukawa wa mtu aliyepewa habari ya msiba. Nilimweleza yote, kitochi, laini, mfuko, nikiwa bado najisifu. Hakunichapa. Alisema tu, taratibu, "Umempelekea pusha wake, mwanangu. Namba ya muuza unga haisahauliki. Umempelekea mlangoni." Akavaa baibui juu ya nguo za kazini, hata kandambili hazikuwa za jozi moja.

Safari ile sitaki kuikumbuka, na hakuna ninayoikumbuka zaidi yake. Kila gari lilipofika kituoni Mama alipiga, na tulipokaribia Kisarawe, sauti ikatoka: mteja unayempigia hapatikani kwa sasa. Mama akaanza kusoma dua bila sauti, midomo tu. Mimi nilikuwa nimeshaelewa kwamba nimefanya kitu kibaya, ila sikuelewa ni kipi, na hofu ya namna hiyo haina pa kukaa. Nilitaka kushuka nikimbie mbele ya gari.

Getini, juu ya mchanga, palikuwa na begi la Kaka. Yeye alikuwa amesimama kando yake, na wenzake wote kwenye duara lao. Kitochi changu kilikuwa mkononi kwa Anko Rama, betri imetolewa.

"Ameileta mwenyewe kwenye kikao," Anko Rama alimwambia Mama. "Hilo namheshimu. Lakini nimemuuliza nani kamwingizia, hataki kusema. Anayemficha aliyemwingizia leo, kesho ataingiziwa tena, na humu nina watoto wa watu ishirini. Sheria ni sheria. Anaondoka."

"Akitoka leo, sina mwana," alisema Mama. Alisema kwa sauti ya kawaida, kama anayemwambia mteja kitambaa hakitoshi.

Kaka hakuniangalia hata kidogo. Alikuwa anaangalia begi. "Nilimpigia pusha mara saba tangu alfajiri," alisema. "Nawaambia ukweli. Nilikuwa pale kwenye uzio, mguu mmoja nimeshaupandisha. Kila nikipiga, hapatikani. Mara simu ikaita, nikajua ndiye huyo. Kutazama, namba ya Mama. Niliyemtaka mimi hapatikani. Anayenitaka ndiye aliyepiga. Nikashuka."

"Nani kakuletea?" Anko Rama aliuliza tena.

Kaka akainama kuchukua begi.

"Ni mimi," nilisema.

Sauti ilitoka ndogo, nikarudia. Anko Rama alichuchumaa mpaka macho yetu yakawa sawa. Aliniuliza kwa nini. Nikamwambia kwamba yule dada wa kwenye simu anawajua mateja wote, na anasema hawapatikani, na mimi nilitaka Kaka apatikane. Mmoja wa wale wanaume alipasuka kicheko, kisha akavuta fulana akafunika uso, na mabega yakaendelea kutikisika kwa namna nyingine.

"Nani kaifufua hii simu?" aliuliza Anko Rama.

"Mimi."

"Nani kakufundisha?"

"Kaka."

Halafu akainuka, magoti yakalia, akalichukua begi na kumtupia Kaka kifuani. "Rudisha ndani. Unaanza upya. Siku ya kwanza."

"Ya kwanza?" Kaka aliuliza. Siku arobaini na moja zilikuwa zinaondoka mbele yake.

"Ya kwanza."

"Haya," alisema Kaka, na wenzake wakaitikia kama kawaida yao kwamba wanampenda. Safari hii na mimi niliitikia.

Adhabu yangu ilikuwa kuchambua kopo zima la vifungo, rangi kwa rangi, juma zima. Katikati ya kazi hiyo Mama alikuja akakaa. "Yule dada," alisema, "hamjui mtu. Kila anayepigiwa simu anamwita mteja. Hata mimi. Hata wewe ukija kuwa na simu yako." Nilifikiri sana. Nilisikia nafuu, na nilisikia uchungu, maana kama dada yule hamjui mtu, basi hakuna atakayetuambia ni lini Kaka amerudi kweli.

Na hakuna aliyetuambia. Kaka alimaliza miezi yake Msimbu, akatoka, akaanguka, akaurudia unga. Akarudi, akatoka, akaanguka tena. Mara ya tatu hakutoka, alibaki huko kuwa msaidizi, na leo yeye ndiye anayekata sabuni getini. Wakati wa kikao huzima simu. Hilo nalijua. Kwa hiyo hapatikani yake huenda ni ile njema kabisa, na huenda ni ile nyingine, na kwa sikio hazitofautiani hata kidogo. Ndiyo maana Jumamosi nilikuwa nazunguka na pasi mkononi.

Saa tano na ushee simu ikalia, mlio wa meseji. Siku hizi mtandao umejifunza adabu. Iliandikwa: mteja uliyekuwa unampigia sasa anapatikana. Nikapiga. Akapokea kabla haijaita mara ya pili.

"Ulinitafuta? Tulikuwa kikaoni. Kuna kijana kaletwa leo na mama yake."

"Siku ya ngapi?" nikauliza. Ndiyo salamu yetu tangu utotoni. Zamani alikuwa ananitajia namba. Tangu alipoanguka mara ya pili hataji tena.

"Ya leo, mdogo wangu."

Nikachomoa pasi, nikavuta kiti, nikakaa.